Siku Thelathini na Tatu Kitaluni

Bibi Damari alizikwa milimani alikozaliwa, na mimi nilifika kutoka Mikumi wakati watu wameshatoka makaburini na wanatafuta pa kukaa na kula. Wazee walikuwa upande wa kivuli wakizungumza kilugha chao kwa sauti ya chini. Wanawake wa kikundi chake cha kupandikiza mpunga walikaa peke yao kwenye mkeka mmoja, sinia la wali na maharage katikati, magoti yakigusana kama walivyozoea kukaa kwenye tuta la shamba. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, maana ukiruka mmoja pale utasikia habari zako mwaka mzima. Mama Sofi, aliyewahi kuwa mwenye nyumba wangu, akaitikia marahaba, kisha akaninyooshea kijiko. "Rula, kaa ule. Au unangoja wali upangwe mstari kwanza?" Wakacheka, na msiba ukawa mwepesi kidogo, na mimi nikakaa nikala kwa mkono bila kubisha, kwa sababu jina hilo nililipata kihalali. Nina miaka thelathini na moja sasa, na kati ya miaka yote hiyo ni mmoja tu ninaoweza kusema ulinigeuza. Nilikuwa na ishirini na miwili. Nataka kuuandika mwaka huo kama ulivyokuwa, pamoja na yale ambayo Bibi Damari aliyaona na hakuyasema mbele za watu.

Mwaka ule niliacha kazi ya kuosha vyombo katika hoteli moja ya kando ya barabara kuu Mikumi, pale mabasi yanaposimama abiria wakala chipsi na kuku. Tajiri wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Nafasi yako naishikilia mpaka mvua ziishe. Najua utarudi," na maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Nilikuwa nimejifunza kilimo kwenye simu, video baada ya video, nikikaa nyuma ya jiko kwenye ndoo iliyopinduliwa, na nilikuwa na daftari limejaa vipimo. Hakuna mtu aliyenifundisha, na kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia inatosha. Nikapanga chumba kijijini Mabwerebwere, nyuma ya nyumba ya Mama Sofi, ambaye alishona nguo kwenye baraza na siku nyingine alikwenda shambani na kikundi. Ni yeye aliyenidhamini kwa wakulima wa mfereji wa umwagiliaji, wakanipa jaruba moja la mpunga, la nusu eka, la msimu wa majaribio. Sharti lilikuwa rahisi na Mzee Lameki, mwenyekiti wa mfereji, alinisomea mara mbili huku akinitazama usoni. Siku ya ukaguzi jaruba likikutwa halijapandwa, linapewa aliye mbele kwenye orodha ya wanaosubiri. Msimu ukienda vizuri, linakuwa lako. Aliyekuwa mbele kwenye orodha aliitwa Lemburis, kijana Mmaasai wa rika langu kutoka upande wa tambarare, aliyekuwa ameoa karibuni na alitaka kulima mpunga. Alikuwa amesimama palepale wakati sharti linasomwa, fimbo mabegani, na alinisalimia kwa adabu kama mtu anayesalimia mgonjwa.

Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa choo. Juu ya meza nilibandika karatasi yenye siku zote za msimu. Chini ya kitanda palikuwa na debe la mbegu, na mbegu hizo zilikuwa fahari yangu: mbegu fupi, mpya huku kwetu, ya siku tisini tu tangu kuloweka mpaka kuvuna. Nilizichagua kwenye maji ya chumvi mara tatu, kila iliyoelea nikaitupa, na theluthi moja ya zilizozama nikaiweka akiba kwa sababu ya woga wangu wa kawaida. Ukuta kati ya chumba changu na baraza ulikuwa wa matofali mabichi yenye nyufa, kwa hiyo maneno yote ya wateja wa Mama Sofi niliyasikia, pamoja na cherehani. Asubuhi moja, nikinywa uji wa mtama ambao Mama Sofi aliniachia mlangoni, nilisikia mteja anauliza kama si hatari miche kukaa kitaluni muda mrefu. "Hatari gani?" Mama Sofi akajibu, uzi mdomoni. "Mpunga una subira kuliko mume wako. Mama yangu aliuacha kitaluni miezi miwili, mvua zikachelewa, akaupandikiza na akavuna magunia." Wakacheka. Mimi nikachukua kalamu nikaandika kwenye daftari: miche inaweza kusubiri. Nilipigia mstari.

Alichosema kilikuwa kweli kwa mpunga wa mama yake. Mpunga ule wa zamani unasoma majira. Uusie mapema au uchelewe, hautoi suke mpaka msimu wake ufike, kwa hiyo ukikaa kitaluni unakaa tu, haupotezi kitu. Mbegu yangu haikujua majira. Ilianza kuhesabu siku ile ilipolowa maji, na ingetoa suke kwa umri wake, iwe imesimama kwenye jaruba pana au imebanwa kitaluni mzizi juu ya mzizi, iwe ndefu kama kiuno au fupi kama kidole. Leo hii naeleza jambo hili kwa dakika mbili, na wakulima wengine huja mpaka Mikumi, ninakoishi sasa, kuniuliza. Kama mbegu ni fupi na unataka kupandikiza, fanya hivyo kabla ya siku kumi na tano, ng'oa na tope lake mizizini, rudisha ardhini saa ileile. Kama huna uhakika wa siku yako, usipandikize kabisa. Panda mbegu palepale itakapokulia. Mmea wenye siku chache hauna siku za kuugua. Mwaka ule sikujua, ingawa nilikuwa na daftari, na nakiri kwamba hata ningeambiwa ningetaka kwanza shamba liwe tayari.

Kwa sababu shamba halikuwa tayari. Kikundi cha Bibi Damari kilikwenda kwa zamu, kila mwenye jaruba na siku yake, na desturi yao haikuwa na mlango wa nyuma: siku yako ikifika unawapikia, wanapandikiza shamba zima mpaka jioni, na ukiwarudisha unakwenda mwisho wa mzunguko. Siku yangu ilifika miche ikiwa na siku kumi na nane, tayari imechelewa kidogo kwa mbegu ile, lakini ingewezekana. Mama Sofi alikuwa amenisaidia kupika wali na kambale wa kukaanga, sufuria mbili. Wanawake wakaja, wakapandisha kanga, wakaingia kwenye tope. Mimi nilikuwa kwenye kona ya juu na ubao mrefu na pima maji ya mafundi ujenzi niliyoazima, natazama lile povu kwenye kioo, na povu lilikataa kukaa katikati. Kona ile ilikuwa juu kwa kama vidole vitatu. Nilikuwa nimesoma kwamba shamba lisilo sawa linameza mavuno. Nikajiona nimeshindwa mbele ya watu wanane kabla hata ya kuanza.

"Bibi," nikasema, "naomba tusipande leo."

Bibi Damari alikuwa mfupi, na meno machache, na alikuwa na tabia ya kutafuna muhogo mbichi akifanya kazi. Aliacha kutafuna. "Unaturudisha?"

"Shamba halijawa sawa. Hapa pako juu."

"Wewe kijana, hata mimi bega langu moja liko juu. Nimezaa saba."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama nitawapima na wao kwa huo ubao kabla hawajaingia shambani, mwingine akasema huyu mke wake atalala na rula, na hapo ndipo jina lilipozaliwa. Nikasimama na pima maji yangu nikirudia kwamba samahani, samahani, siku nyingine. Bibi Damari hakucheka. Alisema, "Chakula tutakula, maana kambale hana kosa. Lakini zamu yako ni baada ya siku kumi na tano." Wakala kwenye tuta, wakanawa miguu mferejini, wakaondoka. Nilibaki na sufuria mbili tupu, na, sitaficha, nilijisikia nafuu. Mtu anayeogopa kukosea hufurahi sana anapopewa siku kumi na tano za kutofanya kitu.

Siku hizo nilizitumia zote. Nilikwangua kona, nikabeba tope kwenye karai, nikapima, nikakwangua tena. Kitalu kilistawi vizuri mno pembeni, kijani kizito, na kila jioni nilikipiga picha. Lemburis alipita na ndama wake, akasimama kwenye tuta akinitazama nikiwa nimepiga magoti na ubao. "Oya, Elisha. Hii kazi inaisha lini?"

"Ikiwa sawa."

Akatazama kitalu, akanitazama mimi. "Sisi ng'ombe akikaribia kuzaa hatumwambii asubiri tumalize boma."

"Wewe unataka jaruba langu," nikamjibu.

"Nalitaka sana," akasema, bila aibu yoyote, akaenda zake na ndama. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula jioni ile. Mama Sofi aliniwekea ugali na mlenda, akakuta sahani imejaa, akaichukua akiguna, na kupitia ukuta nikamsikia anamwambia mtu kwamba mpangaji wake anaumwa ugonjwa wa kupima.

Kikundi kiliporudi, miche ilikuwa na siku thelathini na tatu na shamba lilikuwa sawa kama meza. Povu lilikaa katikati kwenye kila kona. Nilikuwa nimefunga kamba za mistari, nimepika mapema, nimevaa shati safi. Ukaguzi ulikuwa Jumamosi, siku nne mbele, na nilijua kwa hakika kwamba nimeshinda. Bibi Damari hakutazama shamba hata kidogo. Alikwenda kitaluni, akang'oa mche mmoja, akaubana chini kwa vidole, juu kidogo ya mizizi. Akang'oa mwingine, akaubana. Nilimwona uso unabadilika. "Nani ana wembe?" akauliza. Mama Sofi alikuwa nao kwenye pindo la kanga, wa kukatia nyuzi. Bibi akaupasua mche kwa urefu, taratibu, akaniwekea kiganjani mwangu. Ndani ya shina, chini kabisa, palikuwa na kitu kidogo cheupe chenye manyoya, hakizidi kichwa cha njiti ya kiberiti, kama ncha ya pamba.

"Unajua hicho?"

"Sijui, Bibi."

"Ni suke. Mpunga wako umeshika mimba kitaluni."

Hapakuwa na kicheko mara hii. Wakakusanyika kutazama kiganja changu. Mama Sofi akasema haiwezekani, mpunga gani huo wa siku thelathini, na Bibi akapasua mwingine, na mwingine, na yote ilikuwa hivyohivyo. Kisha wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Mmoja alisema tupande tu, leo ndiyo zamu yake, hatuwezi kurudi tena. Mama Sofi akanivuta mkono. "Baba, pandikiza. Jumamosi Mzee Lameki anataka kuona kijani, ataona kijani. Jaruba litabaki lako. Hayo mengine ya masuke tutajua mbele ya safari."

Alikuwa na hoja, na ndiyo maana ilikuwa vigumu. Ukaguzi ulifanywa kwa macho. Miche ile ingesimama kwenye mistari yangu iliyonyooka, juu ya shamba langu lililo sawa, na hakuna mtu angeshuku. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote kwa ajili ya picha kama hiyo. Nikamgeukia Bibi Damari nikamuuliza tukipandikiza tutapata nini. Akaniambia tutoke pembeni kidogo, akashusha sauti, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisimulia alipokuwa hai. Mwaka uliotangulia alipewa mbegu kama ile, kidogo, na akaifanyia kama mpunga wa mama yake: siku arobaini kitaluni. Aliipandikiza mwenyewe nyuma ya nyumba. "Ulitoa masuke ya vidole viwili, ya kuchezea watoto. Niliufyeka asubuhi kabla majirani hawajaamka, nikasema ng'ombe wamekula." Akatema muhogo. "Miaka yote nafundisha watu kupandikiza. Ningesemaje? Na yako sikujua ni ileile mpaka nilipoibana leo." Tukatazamana. Mimi nilidhani watu wazima hawafichi makosa yao, kwamba ni mimi tu. "Shamba ni lako," akasema kwa sauti ya kawaida. "Sema, maana jua linapanda."

Sikufungua daftari. Nikasema, "Msipandikize." Nikawaambia nina mbegu ya akiba, nitailoweka leo, na ikichipua nitaipanda palepale jarubani bila kitalu. Mama Sofi akaniuliza kama najua kwamba Jumamosi Mzee Lameki atakuta tope tupu. Nikasema najua. Wakala, safari hii bila utani mwingi, na Bibi Damari aliondoka amebeba miche mitatu mkononi, sijui ya nini.

Niliiloweka mbegu siku moja kwenye ndoo, nikaichuja, nikaifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji, nikaifunika na blanketi langu mwenyewe. Siku ya tatu kila punje ilikuwa na mzizi mdogo mweupe. Ijumaa nilitoa maji jarubani, nikaingia peke yangu kuanzia alfajiri, nikadondosha punje tatu tatu juu ya tope. Kamba zilinichelewesha, nikazifungua. Mistari yangu ilipinda kama njia ya mbuzi. Kufika kona ya mwisho jua lilikuwa limezama nyuma ya milima na mgongo wangu haukunyooka mpaka kesho yake.

Mzee Lameki alikuja na fimbo yake ya kupimia kina cha maji, Lemburis nyuma yake. Walipita majaruba ya wenzangu, yote kijani. Walipofika langu mzee akasimama. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Hiki nini, Elisha? Naona tope."

"Limepandwa, Mzee."

"Mimi nina macho."

"Inama kidogo, Mzee. Naomba."

Hakupenda, lakini aliinama, akashika goti. Punje zilikuwepo, na mizizi yake midogo imeanza kushuka kwenye tope. Kisha nikampeleka kitaluni, nikang'oa mche mzuri kuliko yote, nikaupasua mbele yake. Nikamwambia kila kitu: nilivyowarudisha wanawake, nilivyopima siku kumi na tano, nilivyoharibu kitalu kizima kwa mikono yangu. "Ningepanda hii ungeona kijani leo, na mwezi ujao ungeona masuke ya kuchezea watoto. Nimepanda kitu kitakachozaa. Lakini leo hakionekani." Kuhusu Bibi Damari sikusema neno. Mzee Lameki akageuza kile kitu cheupe kwa ukucha wake muda mrefu. Alikuwa mkulima kabla ya kuwa mwenyekiti. "Sharti linasema limepandwa," akasema hatimaye, kama anajisomea mwenyewe. "Nakupa siku saba. Nikirudi nikaona kijani, lako. Nisipoona, la huyu." Lemburis akaitikia kwa kichwa.

Zile siku saba sikupima chochote. Asubuhi nilifukuza ndege kwa debe na kijiti, mchana nilifukuza ndege, jioni niliingiza maji kiasi cha unene wa ukucha na kuyatoa. Mama Sofi aliniletea mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi kwenye chupa, akakaa kwenye tuta akipiga debe kwa niaba yangu huku akiwatukana kwelea kwelea kwa majina ya wateja wake wasiomaliza kulipa. Siku ya tano palikuwa na ukungu wa kijani ambao ungeuona tu ukilala chini, na nililala chini. Siku ya saba ulionekana ukiwa umesimama. Vijiti vya kijani, vyembamba, mistari imepinda, mahali pengine pamejaa mno, mahali pengine ndege wameacha upara wa ukubwa wa mkeka. Lilikuwa shamba baya kuliko yote kwenye mfereji. Mzee Lameki alilizunguka lote, akarudi pale tulipoanzia, akapiga fimbo chini. "Lako," akasema. Kisha akamgeukia Lemburis, akamwambia kuna jaruba kule kwenye karavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, mwenyewe kahama na halijaguswa. Kama anaweza kulipanda ndani ya wiki, alichukue.

Mzee alipoondoka tukabaki wawili. Lemburis alitazama upara wa ndege, akatazama mistari, na nilijua anataka kucheka. Hakucheka. "Mbegu ninayo," akasema. "Ya siku tisini, kama yako. Kitalu sina, na sijawahi kupanda kitu chochote maishani mwangu. Utanionyesha?"

"Nitakuonyesha."

"Lini?"

Jaruba la pale karavati nililijua. Eneo lake lilikuwa limejaa magugu, lina vichuguu viwili, na upande mmoja ulikuwa chini kiasi kwamba maji yalituama. Mtu angehitaji mwezi mzima kulisawazisha.

"Leo hii," nikasema. "Kalete mbegu tuiloweke."

Akashuka tuta mbio, fimbo mkononi, na mimi nikaenda kutafuta ndoo.